Mwavuli Uliotoka Kabla ya Chakula

Nina ugomvi wa siku nyingi na miavuli ya siku hizi. Hapa ninapokaa Nyakahura ninayo minne, na hakuna hata mmoja ninaoweza kuutegemea kutoka mlangoni hadi barabarani. Wa kwanza ulipindukia juu siku ya gulio, mbele ya wanafunzi wangu, nikabaki nimesimama katikati ya wauza nyanya nimeshika kitu kilichokuwa kikikinga maji badala ya kuyamwaga. Wa pili umekatika mbavu mbili, fundi akaziunga kwa spoku za baiskeli, na tangu hapo ukiufungua unaelemea upande mmoja. Wa tatu hujifungua wenyewe. Umewahi kujifungua kanisani, chini ya benchi, wakati padre ameinua hostia. Wa nne ni wa jirani na sijui ulifikaje kwangu.

Sikukulia kwenye wingi huo wa takataka. Nyumbani kwetu Nyabusozi, ukoo mzima ulikuwa na mwavuli mmoja, wa babu, mweusi, wa kitambaa kizito, wenye mpini wa mti uliopinda. Ulining'inia kwenye msumari wake ukutani, chini kidogo ya msalaba, na sisi watoto tulikatazwa kuugusa. Babu alipofariki aliurithi baba mkubwa, kaka wa baba yangu, pamoja na kiti na tabia ya kukohoa kabla ya kusema.

Bibi yangu, mke wa huyo babu, hakuuheshimu hata kidogo. Alituambia kwamba zamani za utoto wake mvua ilikuwa na dawa yake, nayo ni mgomba. Ukiwa njiani unakata jani moja unajifunika, ukifika unalitupa kwa mbuzi. Kwa kazi ya shamba walikuwa na kitu kikubwa zaidi: walipinda fito nyembamba, wakazifunika kwa majani makavu ya mgomba yaliyosukwa kwa kubana, wakakivaa kuanzia kichwani hadi kiunoni, mtu akaendelea kupalilia mvua ikimpiga mgongoni. Bibi alisema ukiwatazama kutoka juu ya kilima ungedhani kobe wameingia shambani. Hoja yake ilikuwa moja na hakuchoka kuirudia: "Mwavuli unakula mkono mmoja. Mtu wa mkono mmoja analima nini?"

Nimekuja kuona kwamba bibi, bila kusoma kitabu chochote, alikuwa ameeleza historia yote ya mwavuli katika nchi yetu. Mwavuli ulikuwa wa watu ambao mikono yao haikuwa na kazi. Katekista alikuwa nao, karani wa kahawa alikuwa nao, mwenyekiti alikuwa nao hata kiangazi. Kwenye maandamano ya Ekaristi padre hufunikwa kwa mwavuli mkubwa wenye nyuzi za dhahabu pembeni, na anayeushika huchaguliwa kwa mabishano makali. Bibi harusi hufunikwa ili asionekane uso kabla ya wakati wake. Wachunga ng'ombe nao wanayo, ila sijawahi kumwona mchungaji akiufungua. Hata ikinyesha ya mawe, atauegemea tu umefungwa, yeye na ng'ombe wake wote wameloa.

Na mwavuli wa mzee ulikuwa wa posa. Hapo ndipo hadithi yangu ilipo.

Msemaji wa posa alikwenda na mwavuli hata kama anga lilikuwa jeupe, kuonyesha kwamba leo hakuja kulima wala kuchunga, amekuja kusema. Akifika mlangoni, wenyeji waliupokea, wakaupeleka chumba cha ndani. Mwavuli ukiwa ndani, mazungumzo yanaendelea. Mkishakula na kunywa, mnaletewa mwavuli wenu, mnaondoka kwa amani. Lakini ukitolewa nje kabla ya chakula, mmekataliwa. Hakuna aliyetamka neno "hapana" mbele ya mgeni, maana lingekuwa ni tusi. Mwavuli ulisema kwa niaba yao, na ninyi mliinuka mkaaga kana kwamba mmekumbuka ng'ombe. Sheria hiyo ilijulikana kwetu Biharamulo na ilijulikana Ngara pia. Kwa mwavuli ule wa babu waliposwa mama yangu, mama mkubwa na wake wa kaka zangu, na haukuwahi kutoka mapema hata siku moja. Baba mkubwa alijivunia rekodi hiyo kuliko watoto wake.

Mimi nilimpenda binti wa Ngara. Tulisoma chuo kimoja cha ualimu, na kwa miaka miwili tulikuwa tumezungumza kila kitu, hata majina ya watoto, isipokuwa jinsi ya kuwafikisha wazee wetu chumba kimoja. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa na Mkatoliki wa misa ya kwanza, mtu wa maneno machache. Tena nilijua kuna familia ya parokiani kwao, yenye kijana fundi umeme, iliyokuwa ikimsalimia baba huyo kwa heshima iliyozidi kipimo. Kwa hiyo nilipoomba baba mkubwa aende kuniposea, niliomba kwa haraka, na sikuona aibu kuonekana nina haraka.

Tulikwenda mwezi wa kwanza, kwa gari dogo la kukodi. Tulikuwa wanne: baba mkubwa, shangazi yangu, mjomba na mimi. Pombe yote ya ndizi ya posa ilikuwa kwenye buti. Baba mkubwa alikaa mbele na mwavuli kati ya magoti, na kila tulipopita kilima alinikumbusha kazi yangu.

"Wewe utakaa mwisho wa benchi. Utatazama sakafu. Ukiulizwa jambo, nitajibu mimi."

"Nikisalimiwa je?"

"Utaitikia. Kidogo."

Tulipokelewa vizuri. Mwavuli ulichukuliwa mlangoni kwa mikono miwili, ukapelekwa ndani. Tulikalishwa tukielekea mlango ili tupate mwanga, wenyeji wakakaa wameupa mlango mgongo. Nje maharage ya vuli yalikuwa yameanikwa kwenye turubai, na kutoka jikoni ilikuja harufu ya mbuzi. Baba mkubwa alikohoa, akaanza. Alieleza ukoo wetu tangu ulikotoka, akasifu kilima chao, akasema tumeona ua katika boma lao. Baba wa binti aliitikia kwa kichwa. Mambo yalikuwa yanakwenda. Nilitazama sakafu kwa furaha kubwa.

Kisha likaja wingu la ghafla, kama yanavyokuja Ngara, na mvua ikaanza kupiga bati. Baba mkubwa alikuwa katikati ya sentensi kuhusu uaminifu wa ukoo wetu. Sentensi ile haikuisha. Niliinua macho, nikamwona anatazama mlangoni, uso wake umekuwa wa mtu mgonjwa. Kisha akasimama.

"Wazee wenzangu," alisema, "tumeona. Mwenye nyumba ana lugha yake, na sisi si watoto, tumeielewa. Tunashukuru kwa benchi."

Akatoka. Shangazi alimtazama mjomba, mjomba akanitazama mimi, mimi nikatazama sakafu kwa sababu ndiyo niliyoagizwa. Lakini msemaji akisimama, wote husimama. Tulitoka nyuma yake. Pale nje alisimama kidogo chini ya mvua, akisubiri kukabidhiwa mwavuli wake kama desturi inavyotaka. Hakuna aliyemkabidhi. Akageuka akateremka kilima na koti lake la suti, na sisi tukamfuata, matope yakituingia viatuni. Nilimsikia baba wa binti akiita, "Jamani, chakula kiko tayari!" Baba mkubwa aliongeza mwendo.

Ndani ya gari tulikuwa tumeloa hadi vioo vikaingia ukungu. "Nimeuona kwa macho yangu," alisema baba mkubwa. "Umetoka kwa mlango wa uani, ukapita mbele ya mlango mkubwa, umefunguliwa kabisa. Umefunguliwa! Hata kukataa kwenyewe wamekataa kwa dharau."

Simu yangu ilipata mtandao tulipokaribia barabara kuu, ikaita. Alikuwa ni yeye. Nilijikunja kwenye mlango nikanong'ona.

"Mmefanya nini?" aliniuliza. "Baba amesimama mlangoni na sahani. Anasema mmekataa chakula chake."

"Ninyi ndio mmetukataa. Mwavuli umetoka."

"Umetoka na nani?"

"Sijui na nani. Umetoka."

Akaniambia nisubiri. Baada ya muda akarudi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia kucheka na kulia kwa pamoja. Mwavuli ulikuwa chumbani kwa bibi yake, umeloa chapachapa, na chini yake kulikuwa na maharage saba. Bibi alikuwa ametoka nao kwenda kuokoa maharage.

Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nikamgeukia baba mkubwa. "Baba mkubwa, ni bibi tu! Alikuwa anaanua maharage. Hatujakataliwa!"

"Nani amekwambia?"

"Binti mwenyewe."

"Binti anaposwa, kwa hiyo hasemi. Wewe unaoa, kwa hiyo husemi. Mmekuwa washenga ninyi wawili?" Akapangusa maji usoni. "Zima hiyo simu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mimi na binti tuliujua ukweli kabla nguo zetu hazijakauka, na ukatuchukua miezi mitatu kuwafikishia wazee wetu. Kwao, baba yake alisema watu wanaokimbia sahani hawawezi kupewa binti. Binti alipojaribu kumweleza habari ya maharage, bibi aliitwa, akaulizwa, akakana. Akakana waziwazi, mbele ya mwavuli wenyewe. "Mwavuri? Mimi? Mimi nilikuwa nimelala." Mwanamke wa umri ule hahojiwi mara ya pili. Kwetu, baba mkubwa alisema asingeufuata mwavuli, maana kuufuata ni kukubali kwamba tumekataliwa. Nao kule hawakuurudisha, kwa sababu kuurudisha ni kukataa, na baba yake, pamoja na hasira zake zote, hakuwa amekataa. Alikuwa anasubiri kuombwa radhi.

Kwaresima ikaingia, na hakuna anayekwenda posa na vibuyu vya pombe wakati wa Kwaresima. Masika nayo ikaingia. Baba mkubwa, ambaye miaka yote aliteremka kwenda misa akiwa mkavu na mwenye adabu chini ya mwavuli wa babu, sasa aliteremka amejifunika kiroba cha mbolea. Tulimnunulia mwavuli dukani, ule wa kukunja. Aliuchunguza, akaukunjua, ukajikunja, akaturudishia. "Huu ni wa kuposea kuku," alisema. Jumapili moja kiroba kilipaa na upepo, akakata jani la mgomba kwenye shamba la jirani, akaingia nalo kanisani. Nilicheka, halafu nikamwona analikunja lile jani polepole na kulificha chini ya benchi, nikaacha kucheka. Alikuwa anaumia. Mimi pia nilikuwa naumia, na nilimkasirikia kiasi kwamba tulikuwa tunasalimiana tu.

Shikamoo, marahaba, basi.

Siku ya Pasaka simu iliita. Binti alisema familia ya fundi umeme imeomba kuja Jumapili ya pili baada ya Pasaka, na baba yake hajawakatalia. "Nimebanwa," alisema. "Kama ninyi hamji, sina cha kuwaambia. Siwezi kusema nasubiri watu waliokimbia." Hakulia. Ningefurahi angelia, maana ningekuwa na la kumtuliza.

Nilikwenda kwa shangazi. Shangazi yangu ni mjane, anauza ndizi kwenye soko la barabarani Nyakahura chini ya mwavuli mkubwa wa matangazo wenye rangi ya kuumiza macho, na kwa jinsi anavyobishana na madereva wa malori angekuwa hakimu. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga biashara, tukapanda pikipiki hadi kwa baba mkubwa. Hakukaa.

"Kaka, mwavuli uko wapi?"

"Unajua uko wapi."

"Sema."

"Uko Ngara."

"Ulishikwa na nani siku ile tulipoondoka? Ulikabidhiwa?"

"Sikukabidhiwa."

"Basi mgeni ambaye hajakabidhiwa mwavuli wake hajaagwa. Na mgeni ambaye hajaagwa bado yuko kikaoni. Kaka, wewe bado uko kwa wakwe zetu. Umetoka nje tu kidogo, umechelewa kurudi."

Baba mkubwa alikohoa. Alikohoa tena. Nilimwona akiligeuza neno lile kichwani, akilitafutia ufa, na hakuupata. Nadhani hakutaka kuupata. "Miezi mitatu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Waambie tumbo lilikusumbua," shangazi akasema.

Tulikwenda Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, mvua ikinyesha tangu asubuhi, na pombe mpya. Baba wa binti alitukaribisha bila kutabasamu. Tulikaa palepale. Baba mkubwa alitoa maneno aliyoyafanyia mazoezi njia nzima, kwamba tulikuwa tumetoka nje kidogo. Hakuna aliyecheka. Baba wa binti akauliza, taratibu, ni nini kilichotutoa nje. Na hapo baba mkubwa alikwama, maana jibu la kweli lilikuwa bibi, na bibi alikuwa amekaa pale pembeni kwenye mkeka, amenyoosha miguu, amekwisha kukana. Kumtaja ni kumwita mwongo nyumbani kwa mwanawe. Nilijua kwamba akinyamaza, binti anakwenda kwa fundi umeme. Na akisema, binti anakwenda kwa fundi umeme.

"Mwache," bibi akasema.

Wote tukamgeukia.

"Ni mimi. Niliuchukua mwavuri wao." Alisema huku akivuta kitenge magotini, hamtazami mtu. "Kuna maharage, ndiyo. Lakini maharage yana wajukuu wa kuyaanua. Nilipoposwa mimi, ulikuja mwavuri kama ule. Mweusi hivyohivyo, na mpini hivyohivyo. Niliuona ukipita mlangoni ukaingizwa kwa mama yangu. Nikasema niuguse, nikapigwa mkono. Kuposwa niliposwa mimi, mwavuri nisiuguse! Halafu nimezaa binti wanne humu, imekuja miavuri minne, nikaipokea nikaitundika, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Hivi vimwavuri vya maua mnavyoniletea ninavyo, ni vitu vya watoto. Siku ile nikasikia mvua, nikaona ule unaning'inia. Nikasema, sasa nitakufa lini na nitakufaje sijatembea chini yake?"

"Mama," akasema baba wa binti.

"Nirizunguka nyumba mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajiri ya maharage. Mara ya pili kwa ajiri yangu. Niliporudi ninyi mmekwisha kwenda. Nikaona aibu, nikalala."

Aliyeanza kucheka alikuwa baba mkubwa. Sijawahi kumwona akicheka vile. Alishika tumbo, akapiga paja, machozi yakamtoka. Baba wa binti alijikaza, mabega yakaanza kumtikisika, akashindwa. Shangazi alikuwa ameinamia meza. Mjomba, ambaye husikia vibaya, aliuliza kuna nini, na alipoelezwa akaanza yeye tulipokuwa tunamaliza. Bibi peke yake hakucheka. Aliuliza kama mwavuli uko salama, akajijibu kwamba uko salama, ameupaka mafuta kwenye vyuma.

Chakula kililetwa na safari hii tulikula, nadhani zaidi ya inavyofaa. Kisha vibuyu vikawekwa katikati, mirija ikatumbukizwa, na hakuna aliyegusa. Kabla ya kunywa pombe ya posa, binti huitwa mbele ya watu wote na kuulizwa. Asiposema, hainywewi. Akaitwa. Aliingia, akapiga magoti karibu na bibi yake, akatazama chini. Mimi nilikuwa kwenye sakafu yangu kama kawaida.

"Mwanangu," baba yake akasema, "watu hawa unawafahamu?"

Alitengeneza kwanza kitenge chake, nami nikapata muda wa kufikiria fundi umeme, nyumba yake, na nyaya zake.

"Nawafahamu," alisema. "Siku ile nilikuwa jikoni, nikawaona kupitia dirisha wanavyoteremka. Watatu walikuwa wanakimbia. Mmoja alikuwa anasimama kwenye mvua, anageuka, anatazama nyumba yetu, halafu anaitwa. Alisimama mara tatu. Mara ya tatu aliteleza, akakaa kwenye matope, akaendelea kutazama." Akavuta pumzi. "Baba, hao wengine ni wageni wako. Huyo ni wangu."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nilianguka, na sikujua kama kuna aliyeniona. Yeye akainama, akashika mrija, akanywa wa kwanza. Bibi akapiga kigelegele, wanawake wa jikoni wakampokea. Baba mkubwa akanigusa kwa kiwiko akaninong'oneza kwamba sasa ninaweza kuinua macho. Nilimwambia asubiri kidogo, maana nilikuwa nalia, na mkwe halii mbele ya wakwe.